Lemayian Yiamat, Aliyepima Kila Ng'ombe

Mimi ni Tabea Yiamat, mwalimu mstaafu, dada mkubwa wa marehemu. Nina miaka sitini na mbili. Katika familia yetu ilieleweka kwamba siku yangu ikifika, Lemayian ndiye atakayesimama kusoma habari zangu. Leo nasoma zake. Mnivumilie, maana hata ninapoandika haya bado siamini.

Lemayian alizaliwa Sambasha tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa sita na wa mwisho wa marehemu Mzee Yiamat na marehemu mama yetu Resiato. Nilimbeba mgongoni mimi. Alikuwa mzito, mkaidi, na ukimweka chini tu alitambaa kuelekea zizini.

Alisoma Shule ya Msingi Sambasha kuanzia 1987 hadi 1993. Darasa la sita nilimfundisha hesabu, na wala sikumpendelea. Alimaliza kidato cha nne mjini Arusha mwaka 1997, kisha akasomea mifugo Tengeru na kuhitimu mwaka 2001.

Mwaka 2002 alianza kukusanya maziwa ya majirani kwa baiskeli, keni mbili nyuma, akiyapeleka Ngarenaro, mjini Arusha. Barabara ilipoharibika kwa mvua, maziwa yalichachuka njiani, naye alirudi nyumba kwa nyumba kuwaambia akina mama ana kwa ana. Jambo hilo lilimkera miaka mingi. Mwaka 2014 kijiji kikapata tangi la kupozea maziwa, yeye akiwa msimamizi wa kituo cha kukusanyia maziwa. Mwaka 2021 akaleta mambo ya simu: mama akishapimiwa maziwa anapata ujumbe palepale, na pikipiki tano za kusambaza zinaonekana kwenye kioo cha simu yake, ipi iko Ngarenaro, ipi imekwama Kijenge, ipi ianze na duka lipi ili maziwa yasipate joto. Mwaka 2023 akawafunga ng'ombe wake ishirini na wawili mikanda ya shingoni inayopima joto la mwili na kucheua, na kumtumia taarifa kwenye simu. Wazee walimcheka kwamba anawavisha ng'ombe mikufu.

Kicheko kiliisha Jumapili moja kanisani, simu yake ilipolia katikati ya mahubiri. Mchungaji akakatiza mahubiri.

"Lemayian, ni nani huyo asiyejua kuwa leo ni Jumapili?"

"Ni namba saba, Mchungaji. Hajacheua tangu alfajiri."

Mchungaji akamwambia, "Basi kimbia." Akakimbia na suti yake. Alimkuta ng'ombe tumbo limejaa gesi, akamwokoa. Namba saba yuko nyuma ya hema hili, mzima kabisa.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Lydia katika usharika wetu hapa Sambasha. Walijaliwa watoto wawili, Simaloi na Yoeli. Alimpenda mke wake na alimsikiliza katika mambo yote, isipokuwa moja.

Wasifu kama huu huwa na aya ya ugonjwa. Tulidhani hatuna cha kuandika, kwa sababu kila mtu alimwona mzima wa afya. Lydia ndiye aliyetuambia juzi kwamba tangu Juni alikuwa akiamka na kichwa kinauma, anameza dawa ya maumivu na kwenda kituoni. Akimwambia akapime, alimjibu, "Mama Simaloi, nina ng'ombe ishirini na wawili wa kuwaangalia, unanitafutia wa ishirini na tatu?" Mwezi Agosti alimwita muuguzi Hanna wa zahanati aje kituoni kuwapima presha akina mama wanaoleta maziwa. Aliwapanga foleni yeye mwenyewe. Walipimwa wote sitini na nane. Hanna alipomwita, alimwonyesha simu akasema kuna pikipiki imesimama Kijenge, aiangalie kwanza. Nimekasirika, Lemayian. Nakulilia na nimekukasirikia.

Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, saa mbili asubuhi, alikuwa peke yake ofisini kituoni, akizungumza kwa simu na Sankale, dereva wa pikipiki aliyekuwa Ngarenaro. Maneno yake yakaanza kukatikakatika, kisha yakawa hayaeleweki. Sankale akamwambia, "Bosi, mtandao unasumbua. Sogea nje kidogo." Akasubiri, akasikia kimya, akakata simu na kuendelea na kazi. Mtandao haukuwa na tatizo. Kilikuwa kiharusi. Lydia alimkuta sakafuni saa tatu na nusu. Tulimfikisha hospitali mjini, na saa saba mchana akafariki. Daktari alituambia presha ile haikuanza siku hiyo, wala mwezi huo.

Sankale yuko hapa, na hajala tangu Jumatano. Mwanangu, huna kosa. Hata mimi ningelaumu mtandao. Maziwa ya asubuhi ile yalifika yote, kwa wakati, na hakuna duka lililopiga simu kulalamika.

Jana Lydia alimwita Hanna nyumbani na kuamuru familia yote ipimwe kabla ya mazishi. Nilimwambia nina wasifu wa kuandika, nitapima baadaye. Alinitazama tu. Nikanyoosha mkono. Leo Hanna amekaa na kipimo chake mlangoni mwa hema la chakula. Kwa agizo la mjane, hakuna atakayepewa sahani kabla ya kupimwa, wazee mkitangulia.

Marehemu ameacha mke, Lydia, watoto wawili, Simaloi na Yoeli, kaka wanne, na dada mmoja, Tabea, ambaye presha yake jana ilikuwa 187 kwa 112, na ambaye ameanza dawa.

Bwana amlaze mdogo wangu mahali pa amani, apumzike.