K ya Mbuke kwenye Tangi la Honda

Wasikilizaji wapendwa, popote redio hii inapowakuta, jikoni, shambani au kijiweni kwa bodaboda, leo tunamkumbuka Mzee Tarsisi wa Ushirombo. Tulimzika Jumamosi. Mzee Tarsisi, katekista, yule mwenye Honda ya zamani.

Honda hiyo aliinunua kwa pamba, enzi ambazo kijiji kizima kilikuwa na pikipiki moja. Mkewe, Mama Agapiti, ndiyo kwanza alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima. Akachukua rangi iliyobaki ya mlango, akaandika jina lake mwenyewe kwenye tangi: MBUKE. Herufi nene, unazisikia kwa kidole. Ila K aliigeuza, ikatazama nyuma. Mzee alicheka, akasema isiguswe. Haikuguswa, hata mama alipofariki.

Mtoto wao Agapiti hakuipenda ile K. Akipelekwa shule, wenzake walimwimbia: "K ya mama yako inarudi nyumbani!" Akawa anaomba ashushwe mbali na geti.

Alikua, akaenda machimboni Nyarugusu, dhahabu ikamkubali. Mwaka jana, macho ya baba yakiwa yameshazima kabisa, akaamua kumfufulia mzee Honda yake. Akaipeleka kwa fundi, Kahama, pale Nyasubi. Ikafunguliwa injini, zikabadilishwa pistoni, nyaya na tairi. Fundi akauliza, "Na haya maandishi, bosi?"

Agapiti akajibu upesi, "Piga msasa. Yote."

Ikapakwa rangi nyekundu, ikang'aa kama imetoka dukani leo.

Siku ya kuikabidhi, uwanja ulijaa. Kiki moja tu, ikawaka. Vigelegele! Mzee Tarsisi, asiyeona, akashikwa mkono mpaka kwenye tangi. Salvina, dada yake Agapiti, anakumbuka: "Baba alipapasa upande mmoja. Akahamia wa pili. Akarudi tena. Sisi bado tunapiga makofi."

Kisha mzee akauliza taratibu, "Ng'wanawane, mwanangu, mama yako yuko wapi?"

"Kutu ilimla, baba," Agapiti akasema.

Alidanganya, wasikilizaji. Alimdanganya kipofu mbele ya ukoo mzima. Mzee akapitisha kidole tena. "Kutu huacha mashimo," akasema. "Hapa palipigwa msasa." Akamshukuru mwanawe kwa injini, akaomba arudishwe ndani.

Agapiti alitamani ardhi ipasuke. Kesho yake akanunua rangi, akaandika upya MBUKE. Mzee akagusa mpaka kwenye K. Imenyooka, haina kosa. "Huu ni mkono wako," akasema, bila hasira yoyote. Tangu hapo hakuiulizia tena Honda.

"Angenitukana, ningepona," Agapiti ameniambia.

Jumamosi, msalaba wa baba aliuandika mwenyewe: TARSISI, MUME WA MBUKE. Mzee Gregory wa kigango akainama, akamnong'oneza kwamba K imegeuka, aifute kabla watu hawajaona.

"Iache," Agapiti akasema, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa. "Mama aliandika hivyo. Mimi ndiye niliyeifuta."

Agapiti, Salvina na ukoo wote, poleni sana. Mzee wetu apumzike kwa amani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnaotaka kuwatengenezea wazazi vitu vyao vya zamani, mnafanya vyema. Ila kabla hujashika msasa, mshike kwanza mzee mkono. Muulize huwa anapapasa wapi.