Siku Nilipotoa Ufunguo wa Swichi

Wapendwa, Bwana wetu ni mwema! Hebu itikieni amina ya kushiba, maana nimesimama hapa na ushuhuda.

Naitwa Kadzo. Nasomea teknolojia ya uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu. Ndugu zangu, miaka yote hiyo niliogopa kujiita fundi. Darasani napata alama nzuri, lakini nikishika bisibisi mbele ya watu mkono unakufa ganzi. Mtu akiniuliza kazi yangu, nasema, "Mimi mwanafunzi tu." Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe ni woga, na woga huo nusura umponze mtu asiye na kosa!

Nilipelekwa mazoezini katika kiwanda cha barafu huku Makupa, chini ya Fundi Salim wa Kibokoni, Mwislamu mcha Mungu aliyenifunza kama mwanawe. Desturi ya pale, kabla hujagusa mashine unaizima, unaitia swichi yake kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwako. Siku hiyo aliniachia mimi nifunge. Kisha akaingiza mikono yote miwili ndani ya mashine ya kusaga barafu, abadilishe visu.

Swichi iko nyuma ya ukuta, ukiwa hapo humwoni aliye kwenye mashine. Akaja meneja, amefura. "Lete ufunguo, wewe msichana! Wateja wanangoja!"

Ndugu zangu, nikampa! Nilijiambia, mimi ni nani hata nimkatalie mkubwa?

Kufuli likafunguka. Nikaita moyoni, "Yesu!" Na Yesu akanisikia! Nikajitupa mbele ya swichi, nikaikinga kwa mwili wangu, nikapaza sauti ambayo sijapata kuisikia kinywani mwangu: "Kuna mtu ndani! Fundi aliyefunga ni mimi, na hawashi mtu hapa!" Meneja akarudi nyuma.

Fundi Salim alikuwa ameyasikia yote. Nilingoja anitukane. Akaniketisha, akaniletea maji.

"Mwanangu, ufunguo hapewi mtu. Hata n'kiutaka mimi, usinipe mpaka unione nimetoka."

Nililia sana.

Leo najiita fundi, bila haya. Na wewe kijana uliyeketi nyuma, unayejiona mdogo mbele ya wakubwa, mtegemee Bwana. Sauti atakupa, tena kwa wakati.

Nami namshukuru Mungu, maana Ijumaa hii Fundi Salim anamwoza bintiye. Atamshika bwana harusi mkono, amkabidhi mwanawe. Mikono anayo, wapendwa! Yote miwili anayo!