Asubuhi za Émile

Wasikilizaji wapendwa wa Stanleyville, na ninyi mlio kando ya mto kule Yanonge na Isangi, karibuni. Leo namkumbuka Émile, mvuvi wa maporomoko, mtoto wa papa Urbain. Alifariki Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Narudia: ishirini na sita. Mniwie radhi, leo nina hasira.

Mgongo ulianza kumuuma akiwa na miaka ishirini. Hakuanguka, hakubeba mzigo. Ulianza polepole, kule chini kabisa. Alfajiri, wenzake walipopanda miti iliyosimikwa majini kukagua vikapu vya samaki, Émile alikuwa bado anashika ukuta ili asimame. Saa sita mchana, akishatembea na kufanya kazi, alipanda miti ile ile akiimba. Basi tukasema nini? Mvivu! Anaogopa maji ya baridi! Hata mimi, kwenye redio hii, nilimwita “mvuvi wa saa sita”. Mkacheka. Nami nikacheka.

Berthe, mke wake, ameniambia: “Usiku alikuwa anaamuka, anazunguka nyumba mupaka maumivu ipungue. Akilala sana, ndiyo inazidi. Sasa mutu muvivu anakimbia kitanda?”

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wapendwa. Sisi tulikuwa tunahesabu kunguni wa Émile tukiwa barabarani.

Alikwenda dispensari mara tano. Mara tano! Kila mara alitembea mwendo wa saa mbili, na safari yenyewe ikamlegeza mgongo. Akafika amenyooka. Muuguzi akamwambia: “Inama.” Akainama. “Bon, hauna kitu. Rudia nyumbani, ulale siku kumi.” Alale! Baada ya siku hizo kumi hakuweza hata kugeuza shingo. Na hakuna aliyemuuliza asubuhi anaamkaje. Swali moja tu. Miaka sita, swali moja tu!

Mwezi uliopita daktari mmoja mpita njia alimuuliza. Akamwambia: “Hii iko ugonjwa ya viungo vya mugongo, inakamata vijana. Haitaki kulala, inataka kutembea.” Émile akalia. Akamwambia mkewe: “Berthe, umesikia? Mimi si muvivu.”

Lakini papa Urbain hakuamini. Jumanne alfajiri akamwita mbele ya watu: “Émile, wenzako wote wako juu!” Aibu ikampandisha. Mgongo ukakataa kupinda, mkono ukakosa mti, na maji yakamchukua.

Jana nilimkuta papa Urbain ameketi chini. Alisema neno moja: “Ni mimi nilimuita.” Na mimi nilimwita, kwa jina baya zaidi.

Mama Berthe, papa Urbain, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji, mkiwa na kijana nyumbani anayeamka kama mzee na kutembea mchana kama kijana, msimcheke. Muulizeni.

Maana Constant, mdogo wake Émile, ana miaka kumi na tisa. Wiki hii ameanza kushika ukuta.

Safari hii papa Urbain hataki Constant atembee asubuhi hadi dispensari. Leo jioni wanakwenda wote wawili na mkeka wao. Watalala pale pale barazani, ili muuguzi akifungua mlango aone jinsi Constant anavyoamka.