Bila Maji Mpaka Madrid

Benchi lenyewe ni la zege, liko kona ya mtaa wa Tequendama mjini Cali, mkabala na nyumba ya ghorofa moja ambayo wanawake huingia wamenyooka na kutoka wamejikunja kama wanaotafuta kitu walichodondosha. Kliniki ya upasuaji wa urembo iko mtaa wa pili. Nyumba hii ni ya kuuguzia tu: kitanda, supu ya kuku, na mwanamke wa kukanda. Wanaume hawaruhusiwi kuvuka sebule, maana huko ndani wagonjwa hushinda na mikaja mitupu, ile mikaja ya kubana inayoanzia chini ya matiti na kuishia magotini. Basi kaka, waume na madereva hubaki nje kwenye benchi, wakinywa kahawa nyeusi ya Bi Nubia na kuwatibu wagonjwa wasiowaona. Hakuna kiungo cha mwanamke ambacho benchi hilo halijakitolea hukumu. Balaa ni kwamba watu hulisikiliza.

Arbey alikuwa mgeni wa benchi aliyegeuka mwenyeji. Dada yake mkubwa, Luz Enith, alikuwa kaja likizo kutoka Madrid, anakomlea bibi kizee wa watu, na likizo nzima kaila kitandani: kanyonywa mafuta ya tumbo, yakahamishiwa makalioni. Wiki mbili zilikuwa bado hazijatimia, na leo alikuwa anarudi.

— Ndege saa ngapi? akauliza Kapteni.

— Saa mbili usiku. Saa kumi wanatoka hapa.

Kapteni jina lake la kuzaliwa ni Gildardo. Alipakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Palmira mpaka mgongo ukamwachisha kazi, na hajawahi kupanda ndege hata ya kuazima. Lakini akianza kueleza mawingu, utadhani kayatandika mwenyewe.

— Sikiliza, kijana. Watu wanaogopa ndege kuruka. Kuruka si tatizo. Tatizo ni choo.

— Choo?

— Choo cha ndege ni kabati. Dada yako ana mkaja wenye kulabu kama reli ya treni. Akiuvua mle ndani, atauvaaje tena, ndege inatikisika na watu wanagonga mlango? Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Maana yake asiyaguse. Jana nilimwagiza kwa mama yenu: tangu usiku, hata tone, mpaka Madrid.

— Wahenga walimaanisha hivyo kweli? akauliza Bi Nubia huku akimimina.

— Wahenga hawakupanda ndege, Bi Nubia.

— Na wewe ulipanda lini?

— Mimi nimezipakia. Mpishi haulizwi kama amekula.

Sindano akacheka mpaka mabega yakagongana. Yule ni mwembamba wa kutisha, na duka lake la mikaja liko nyuma ya kona. Kila ugonjwa uliotajwa kwenye benchi lile, dawa yake Sindano huwa anayo dukani.

— Maji sawa, akasema. Lakini kubana ndiko muhimu. Huko juu hewa ni nyepesi, mwili unaumuka kama mkate wa jibini kwenye tanuri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkaja mmoja ni wa hapa chini. Wa angani ni miwili.

— Ule wa pili nilimpelekea jana, akasema Arbey.

— Saizi ndogo?

— Ndogo mara mbili.

— Hapo umetenda.

— Mimi nilimwonea huruma kwa maumivu, akasema Bi Nubia. Saa kumi nzima hewani, na makalio hayakaliki. Nikampa vidonge vya usingizi vya marehemu mume wangu. Ameze viwili, afumbe macho hapa, ayafumbue Madrid. Asisimamesimame ovyo mle, akajitonesha.

Kibati, dereva wa teksi aliyekuwa akingoja kuwapeleka, akatoa kichwa dirishani.

— Nyinyi mnaongea mambo ya kitoto. Kuna mama nilimpeleka uwanjani, akaniambia mwenzake alipofika katikati ya bahari, mafuta yote yakarudi tumboni.

— Yakarudije, Kibati?

— Mafuta yana kwao. Wewe ukihamishwa Cali ukapelekwa Bogotá, hutatafuta njia ya kurudi?

— Afadhali mafuta, akasema Sindano. Silikoni inapasuka. Mhudumu mmoja wa ndege lilimpasuka titi la kulia, rubani akadhani tairi. Akageuza ndege.

— Hiyo ndogo, akasema Kapteni. Ndege ina mizani, bwana. Wanawake thelathini wametoka kliniki na makalio mapya, uwakalishe wote mkiani, pua si itanyanyuka? Rubani wa safari za Cali anajua. Anawatawanya kama mbegu.

Benchi zima likaangua kicheko, na Arbey akacheka nao. Kicheko chake kilikuwa cha mtu anayetaka woga wake ufukuzwe na kelele. Kilipokwisha, woga ukawa bado upo pale pale.

— Jana alisema mguu unamvuta, akasema. Huku nyuma, kwenye shavu la mguu. Wa kushoto.

— Mkaja unafanya kazi hiyo, akasema Sindano.

— Baridi, akasema Kapteni. Kalala na feni.

— Mwanamke wa kukanda anasemaje? akauliza Bi Nubia.

— Kaukanda. Kasema ni fundo la misuli.

— Basi, mwanangu. Fundo likikandwa huisha.

Mambo yakaishia hapo. Arbey akazungusha kikombe mkononi. Hakuwa ametafuta ushauri, kama angekuwa mkweli kwa nafsi yake. Alitafuta mtu wa kusema hapana badala yake. Yeye mwenyewe asingeweza kumwambia hapana dada aliyeezeka paa la mama yao na kumlipia yeye shule. Angemkatazia kwa kinywa gani? Alitaka benchi limkatazie, na benchi lile halijui kukataza safari, linajua kuipamba tu.

Mlango ukafunguliwa. Luz Enith akatoka kwa hatua za kuhesabia, mama yao nyuma na begi la mkononi.

— Mabwana benchi, mnanisema nini tena?

— Tunakusifu tu, dada, akasema Kibati akishuka kufungua mlango. Huko Madrid watasimamisha magari.

— Wasimamishe mabasi kabisa. Nimelipia.

— Midomo imekukauka, mwanangu, akasema Bi Nubia.

— Si nyinyi mlioamuru? Tangu jana usiku sijagusa kitu.

Bi Nubia akamnyooshea kikombe kidogo, bila kufikiri, kama anavyomnyooshea kila apitaye. Kapteni akakidaka njiani, akakinywa mwenyewe.

— Utamharibia hesabu, akasema.

— Daktari anajua kama unaondoka leo? akauliza Bi Nubia.

— Daktari yuko na wengine.

— Lakini umemuuliza?

— Nikimuuliza atasema ningoje, Bi Nubia. Alishasema kabla ya kunipasua. Nikingoja, kazi inaondoka. Sasa nimuulize ili iweje?

Akamgeukia Arbey, akamshika kidevu kama mtoto.

— Na wewe usininunie. Yule bibi haogeshwi na mtu mwingine. Jumatatu nisipotokea, Jumanne yuko mwenzangu pale na aproni yangu.

— Sijanuna.

— Umenuna. Tangu mdogo ukiogopa unanuna.

Kukaa hawezi, kwa hiyo akalazwa kifudifudi kiti cha nyuma chote, mama akapanda mbele na begi mapajani. Nafasi ya Arbey haikuwepo. Akamsaidia kuingiza miguu, mmoja mmoja, taratibu. Ule wa kushoto ulikuwa wa moto kuliko wa kulia. Alikisikia kiganjani kile kijoto, akabaki ameushika mguu kitambo.

— Funga, tunachelewa, akasema Luz Enith, uso umezama kwenye kiti.

Akafunga.

Teksi ikapotea. Kapteni akaagiza kahawa kwa wote, maana kumsafirisha mtu salama ni jambo la kujipongeza.

— Nimewaaga wengi hapa, akasema. Sijaona hata mmoja aliyerudi kulalamika.

— Kwa sababu ya mkaja, akasema Sindano.

— Kwa sababu ya maji.

Wakabishania heshima hiyo mpaka jua likazama nyuma ya milima na ule upepo wa jioni wa Cali ukaanza kuteremka mtaani. Arbey hakuwasikia sana. Kiganja alikuwa kakifunga, kama vile kijoto kile kingetoroka.

Ndipo akaja mzee mfupi, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Vumbi la viatu lilisema ametoka mbali kwa basi. Akanunua kahawa, asiinywe.

— Samahanini. Hili ndilo benchi la mbele ya nyumba ya wagonjwa?

— Ndilo, mzee wangu. Karibu ukae, akasema Kapteni. Umeleta mgonjwa?

— Hapana. Binti yangu alilala hapo. Maryori. Alirudi Barcelona mwezi uliopita.

— Maryori wa Popayán? Yule wa vituko? akasema Bi Nubia, uso umechanua. Alikuwa akinivunja mbavu. Hajambo lakini?

— Tumemzika.

Bi Nubia akaiweka chini chupa ya kahawa.

— Alishuka vizuri tu, akaendelea mzee. Akafika pale mizigo inapozunguka, akaanguka. Damu ilikuwa imeganda mguuni kwa kukaa muda wote ule bila kujinyoosha. Alipoanza kutembea, lile bonge likapanda kwenye mapafu. Daktari wa huko alinipigia simu, mtu mpole. Akaniuliza, kuna mguu uliokuwa ukimuuma? Alitembeatembea ndani ya ndege? Alivaa kitu cha kumbana sana? Alikuwa anakunywa maji? Mimi sikujua la kujibu. Niko Popayán, nitajuaje?

Mzee akakiweka kikombe kwenye benchi.

— Halafu nikakumbuka alinitumia sauti yake akiwa uwanjani hapa. Nimeisikiliza mara nyingi. Anacheka. Anasema, baba nina kiu ya kufa, lakini wazee wa benchi wamenikataza maji.

Akaigeuza kofia mikononi.

— Sikuja kugombana, jamani. Mama yake ananiuliza kila asubuhi, nami sina la kumwambia. Nataka kujua tu. Nani kati yenu alimwambia asinywe maji?

Kapteni, mwenye methali ya kila kitu, akainamia kikombe chake. Sindano akaangalia viatu vyake. Bi Nubia alikuwa kajifunika uso kwa aproni. Mzee alisubiri, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kwa adabu, kama anayengoja zamu yake dukani.

Arbey alikuwa kashasimama. Simu ya Luz Enith haikupatikana. Akapiga ya mama, huku yuko katikati ya barabara, mkono mmoja juu, akisimamisha pikipiki yoyote.

— Mama, yuko wapi?

— Ameshapita ukaguzi, mwanangu. Wamempitisha kwa kiti cha magurudumu. Vidonge alivimeza hapa hapa ili usingizi usimchelewe, ameniaga akisinzia.

— Mtafute mfanyakazi yeyote hapo. Mwambie asiruhusiwe kupanda. Mama, unanisikia?

— Asipande kwa nini? Niwaambie ana nini?

— Mguu. Waambie mguu wake umevimba, wa moto, wamwite daktari. Piga kelele, mama, piga ukiweza.

— Mguu ule unaovuta kidogo tu? Kelele za watu hapa, sikusikii vizuri. Usiwe na wasiwasi, kafuata yote. Mikaja yote miwili kavaa. Maji nilimshawishi anywe, kakataa kabisa, hata tone. Waambie wenzako wa benchi nawashukuru sana.

Simu ikakatika. Pikipiki moja ikasimama, na Arbey akamtajia mwendeshaji Palmira, uwanja wa ndege. Akapanda, kisha akageuka. Watatu wale walikuwa wakimtazama, na yule mzee katikati yao na kahawa yake iliyopoa.

— Mama anawashukuru, akawaambia.