Amina Niliyoikataa

Ndugu zangu, asifiwe Bwana anayesikia lugha za watu wote wala hahitaji mkalimani. Mimi ndiye Mama Keza wa Kabeza, yule mliyeambiwa kwamba alivuruga ibada. Mmesikia ya watu. Leo nisikieni mimi.

Waliningoja niseme Amina. Mume wangu Natanaeli alikuwa amepiga magoti mbele, viatu amevua, mfukoni hana kitu. Wazee wamemwekea mikono na ngoma imenyamaza. Mnaosali nasi kwenye chumba cha maombi mnaijua desturi yetu: mwanamume akitumwa kwa unabii, mkewe husimama mbele ya wote na kusema Amina, na hapo ndipo neno linapigwa muhuri. Bila Amina ya mke, mtu hatumwi. Mzee Elifazi, mfasiri wetu wa lugha za Roho, akanigeukia na tabasamu lake.

"Mama Keza, tuko tunakungoja wewe tu."

Nikasimama na mtoto mgongoni. Nikasema, "Sisemi."

Nianze mbali kidogo, mwelewe ilivyofika hapo.

Nilizaliwa Uvira. Baba yangu Mnyarwanda alikuwa dereva huko, na mama yangu ni Mbembe. Nilisoma sekondari huko huko, nikaja Kigali kuolewa na Natanaeli, mpakiaji mizigo pale uwanja wa ndege. Tuliingia kwenye ibada ya Kiswahili ya hapa Kabeza tukapendwa, sikatai. Lakini mimi sikujaliwa kunena kwa lugha. Ndugu zangu, mnajua maana yake. Nilitolewa kwenye kwaya. Niliketi benchi la nyuma, la wale wanaoitwa "hawajapokea", pamoja na watoto na wageni. Nikaogopa. Kila Mzee Elifazi alipofungua kinywa, nilifikiri sasa Roho atanitaja kwa jina na kunianika. Nililala na hofu hiyo, nikapika nayo, nikanyonyesha nayo.

Natanaeli hakuwa mwoga. Yeye alikuwa akifundisha darasa la Biblia, na aliwahi kubishana na Mzee Elifazi mbele yetu sote. Mzee alisema uinjilisti bila kunena kwa lugha ni makapi. Natanaeli akamjibu kwamba uinjilisti unaanza kwa jirani anayekuona ukigombana na mkeo kisha Jumapili unambebea Biblia. Watu walicheka. Mzee hakucheka.

Sasa sikilizeni. Wiki ile ya ubishi alikuja bibi yangu mzaa mama kutoka Baraka, kumwona Keza. Ni mzee, magoti yanamsumbua, Kinyarwanda hajui. Kiswahili anakijua vizuri, lakini akiomba anaomba kwa Kibembe, kama alivyofundishwa kuomba akiwa msichana. Nilimleta kwenye maombi nikamketisha kwangu, benchi la nyuma. Hakuna aliyemwuliza jina. Tukaanza kuomba wote kwa pamoja, macho tumefumba, kila mtu na mzigo wake. Bibi akapandisha sauti. Ngoma ikanyamaza, chumba kizima kikanyamaza, kwa sababu walidhani Roho ameshuka na lugha.

Na mimi nilielewa kila neno. Bibi alimshukuru Mungu kwa kuvushwa salama mto Ruzizi. Akamwomba amlegezee magoti. Kisha akaomba hivi: "Mungu, mpe mume wa mjukuu wangu miguu ya kukaa nyumbani, maana jiko la mtoto huyu linavuja na mvua ndiyo hii."

Mzee Elifazi akatafsiri, na bibi akadhani anaanza mahubiri yake. Alisema: "Bwana anasema, Natanaeli, toka nyumbani mwako. Nenda kaskazini, pita kambi za waliokimbia vita, ufike vijiji ambako mizinga inasikika, ukanihubiri. Usichukue mkoba, wala viatu, wala kitambulisho. Mimi ndiye nitakayekutambulisha."

Bila kitambulisho, ndugu zangu! Mwaka huu wa vita! Kuna mtu hapa Kigali asiyejua kinachompata mwanamume anayefika kwenye kizuizi cha barabarani na kusema hana karatasi?

Natanaeli, aliyekuwa akibishana kwa Maandiko, alilainika kama ugali uliotiwa maji. Akisikia "Bwana anasema", basi. Nilimweleza nyumbani bibi aliomba nini. Akaniambia kwa upole, "Mama Keza, wewe hujapokea. Utajuaje?" Neno hilo lilinichoma kuliko tusi. Nikarudi kwenye hofu yangu. Nikajiuliza, labda kweli, labda masikio yangu ni ya mwili tu. Nikanyamaza. Yeye akaomba ruhusa kazini bila kumwuliza bibi.

Na mume wa Dorika je? Dorika ni dada yetu, mnamjua, anauza samaki wadogo wa sambaza pale njia ya Kanombe. Mumewe alitumwa kabla ya mvua hizi, kwa mfasiri huyo huyo, kwa maneno hayo hayo. Alipita Gatsata, njia ya kaskazini, kwa miguu, watu wa huko walimwona. Tangu hapo hakuna aliyemwona. Dorika alisema Amina. Alininong'oneza kisimani kwamba anatamani angeumwa koo siku ile.

Asubuhi ya kumtuma Natanaeli nilikuta kitambulisho chake rafuni, amekiweka chini ya Biblia yetu. Nikakiangalia. Picha yake ile ya zamani, masikio yametokeza. Nikaifungua Biblia hapo hapo, nimesimama, mtoto analia. Nikasoma mahali Bwana anapowatuma wanafunzi bila mkoba. Nikaendelea kusoma, maana hatukuwahi kuendelea, sisi huwa tunafungiwa Biblia pale pale. Mbele zaidi, usiku ule wa kukamatwa kwake, Bwana huyo huyo anawaambia sasa mwenye mfuko auchukue, na mkoba pia. Mzee Elifazi alitusomea nusu, na nusu hiyo ilikuwa inamtoa mume wangu nyumbani. Hofu ikanitoka, ndugu zangu, nikabaki na hasira. Nasema ni Bwana aliyenitoa hofu ile. Mnaotaka kusema ni shetani, semeni, lakini mnijibu kwanza kwa Maandiko.

Basi nikasema, "Sisemi." Nikamgeukia bibi, aliyekuwa benchi la nyuma, mbele ya wote. "Bibi, siku ile uliomba nini?"

Bibi akashangaa. "Mi niliomba juu ya jiko. Hamuoni vile mvua inaingia?"

Nyuma kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Elifazi hakubabaika. "Mtu anaweza kusema bila kujua anasema nini. Roho anatumia ulimi wake."

"Bibi anajua alichosema," nikamwambia. "Na mimi ninakijua, ni Kibembe, nimelelewa nacho. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia lugha ya kwao, na hakuna aliyegeuziwa maneno. Kama ujumbe ni wako, Mzee, sema ni wako, tuupime. Usimtwike bibi yangu."

"Mama Keza, unazuia Roho. Paulo amesema wanawake wanyamaze."

"Sura hiyo hiyo inasema manabii waseme na wengine wapambanue. Nani alipambanua? Tusomeeni na hiyo!"

Mzee akawageukia wazee wenzake. Natanaeli bado yuko magotini, na mikono ya wazee iko kichwani pake.  Nilijua akibaki pale, ataenda, na Amina wataitafuta kwa mwingine. Akainua kichwa, akamtazama bibi. "Bibi, kweli uliniombea nini?"

"Ukae, mwanangu," bibi akamwambia. "Niliomba ukae."

Natanaeli akajitoa taratibu chini ya mikono ya wazee. Akaenda mlangoni, akavaa viatu.

Huo ndio ukombozi wangu. Sijanena kwa lugha mpaka leo, wala sikatai kwamba Roho hutoa karama. Namshukuru Mungu kwa kila karama iliyo ya kweli, na ndiyo maana siwezi kuvumilia ya uongo. Wewe unayekaa benchi la nyuma na hofu tumboni, mtegemee Mungu. Fungua Biblia yako mwenyewe, na ukifika pale wanapofunga, wewe endelea. Hatakuangusha.

Jumapili iliyofuata nilitangaziwa kwamba nimewekwa nje ya Meza ya Bwana hadi nitubu. Sikutubu. Niliandika malalamiko, nikayapeleka kwa mkono kwa wazee wa paruwasi, walio juu ya ibada yetu, nikasubiri hadi wakayapokea. Haya hapa, kama nilivyoyaandika:

"Kwa wazee wa paruwasi. Mimi Mama Keza, mke wa Natanaeli, mshirika wa ibada ya Kiswahili Kabeza, namlalamikia Mzee Elifazi kwa kutafsiri maombi ya bibi yangu kinyume na yalivyoombwa, na kwa kumwamuru mume wangu asafiri vitani bila kitambulisho. Nalalamika pia kwamba nimetengwa bila kuulizwa hata neno moja.

Naomba asitafsiri tena hadi mmhoji. Naomba neno lolote la kumtuma mtu lipimwe na wengine, Biblia ikiwa wazi na mke wake akiwepo. Na kabla ya yote hayo naomba mtume watu, wenye viatu na vitambulisho, wakamtafute mume wa Dorika, kwa maana sisi ndio tuliomtuma.

Shahidi wangu ni bibi. Yuko kwangu Kabeza hadi jiko liezekwe. Njooni mmwulize, hana haraka.

Mimi nitanyamaza kanisani kama nilivyoagizwa. Hata Amina sitaisema, hadi mume wa Dorika apatikane."