Kikombe ya Sophie

Mukaribie, batoto bangu, musogeze viti, juu sauti yangu imebaki kidogo na sitaweza kurudilia neno mara mbili. Delphin, wewe mukubwa wao, acha mulango wazi. Mutu mwenye anakaa pale inje ku banc nimemuita mimi mwenyewe kutoka Beni, na ninataka asikie yote.

Munajua kazi yangu. Miaka makumi mbili na sita nilifundisha hapa Butembo, na mu labo nilifuata kitu moya tu: namna gani protéine, hizi zenye zinajenga mwili wetu na kuutumikia, zinaweza kuacha kazi yao na kujipanga zenyewe kuwa nyuzi. Mutaa muzima balikuwa bananiita docteur wa mayai, na hamukukosea kucheka, juu kila juma nilikuwa natoka sokoni na mayai, ninatoa protéine mu ule ute mweupe, ninaiweka mu asidi, kisha ninaipasha moto polepole siku na siku, na courant ya umeme ikikatika mama yenu, Mungu amurehemu, ananikuta nimechuchumaa ku mbabula yake ya makala na thermomètre mukononi, sufuria ya sombe imewekwa pembeni. Alikuwa ananiuliza kama hayo mayai itaiva siku gani.

Iliiva, batoto bangu, na musikilize kitu yenye niliona. Protéine ni sawa uzi murefu wenye umejikunja, na kila moya iko na namna yake ya kujikunja, na ile namna njo inaipatia kazi. Mais ikipata shida, moya inafunguka, inalala wazi, nyingine inakuja inajilaza juu yake sawasawa, ya tatu juu ya ya pili, na upande mwingine mustari mwingine unakuja kuingiza meno yake mu meno ya ule wa kwanza sawa fermeture ya koti, mupaka hata maji haipati pa kupita katikati. Hakuna fundi, hakuna mwenye kuamuru. Zenye zilitangulia zinafundisha zenye zinakuja. Na nafasi kati ya uzi na uzi ni ile ile, ikuwe mu yai ya kuku ya hapa Vulamba, ikuwe mu moyo ya mutu, ikuwe mu ubongo ya muzee mwenye amesahau majina ya batoto bake. Siku nilielewa ile, nilikaa chini mu labo na nikaogopa, hapana woga ya nyoka, ile woga ya mutu mwenye ameingia kanisani peke yake. Na tena nikajifunza kama kuna vijidudu vyenye vinajenga nyumba yao na nyuzi za namna hiyo, na mwili wetu wenyewe unaweka akiba ya homoni zingine namna hiyo hiyo, unazifunga, kisha unazifungua saa yake ikifika. Donc Mungu hakuweka ile ujuzi ndani yetu juu ya kutuua tu. Mupaka leo inanishangaza kuliko kitu yote nilisoma.

Juu ya kuziona kuna rangi inaitwa rouge Congo. Bazungu njo baliipa jina ya inchi yetu, balikuwa banauzisha rangi ya vitambaa, na hata kitu moya ya Congo haimo ndani. Ni nyekundu tu. Mais ukipakaa zile nyuzi, ukaziangalia mu microscope katikati ya vioo viwili vyenye vinachuja mwangaza, ile nyekundu inaangaza kijani. Mara ya kwanza nilizania macho yangu imechoka. Nilitoka inje, nikanawa uso, nikarudi, na kijani ilikuwa inaningojea.

Sasa nifike penye kunauma. Yaya Edmond, baba yenu mukubwa, alianza kuvimba miguu mwaka ule mvua iliharibu njia ya Kanyabayonga. Alikuwa anapumua sawa mutu mwenye amepanda mulima, na yeye amekaa ku kiti. Nilimuomba daktari amutoe kipande kidogo ya mafuta ya tumbo, nikaifunga mu nta ya paraffine, nikaandika jina yake, nikasema nitaipima kesho. Alikufa mbele ya ile kesho. Na ku matanga munajua namna batu banasema kwetu: mutu wa nguvu hivi, hajafika hata miaka makumi sita, lazima kuna mwenye alimulisha kitu. Nani alikuwa anamupikia? Bibi yake, mama yenu mukubwa.

Sophie alitoka jikoni na kikombe ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Alifanya sawa heshima yetu inaomba: alionja kwanza, macho yote yanamuangalia, ili tujue hakuna sumu, kisha akaninyooshea. Nikaipokea. Nikaitua chini. Mimi mwenye masomo, mimi docteur, nilitua kikombe chini na famille yote ikaelewa. Juma haikuisha, alikuwa njiani ya Beni na valise moya, parcelle yao ya Vulamba, kiwanja na nyumba, ikabaki mikononi mwetu, na Delphin ukaolea mule. Na ile kipande ya yaya ililala mu tiroir ya meza yangu miaka kumi na tano. Rangi nilikuwa nayo. Microscope nilikuwa nayo. Niliogopa kuangalia, juu kama ikitoka kijani, nyuzi njo zilimuua, na mwenye kosa ni mimi.

Mwaka jana miguu yangu ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi, nikajua nyuzi zimejaa mu moyo yangu, unashindwa kusukuma damu. Nikamuita Godelive, mwanafunzi wangu, nikamupa vipande viwili, ya yaya na yangu, bila majina. Akaniita: mwalimu, muje muone, zote mbili. Niliinama ku microscope nikalia, mais nitasema ukweli yote, mbele ya kulia nilishangaa uzuri wake. Kitu yenye ilimuua ndugu yangu ilikuwa inaangaza sawa majani ya maharagi kisha mvua.

Hapakuwa sumu, batoto bangu. Hapakuwa hata siku moya.

Sasa mushike. Parcelle ya Vulamba inarudi kwa mama yenu mukubwa Sophie. Delphin, najua batoto bako balizaliwa mule. Hama. Nyumba hii ni yako. Shamba ya kakao ku Beni ni ya dada yako Solange, siku njia ya mashamba itakuwa salama. Microscope ni ya Godelive, mutu asiiguse. Na ninyi wote mupimwe moyo, juu kuna namna ya ugonjwa huu yenye inarisiwa, na yaya na mimi tulitoka tumbo moya.

Na hii njo kubwa. Nikishakufa, mbele ya kunifunga mu sanduku, daktari akate kipande kidogo ya moyo yangu, amupe Godelive. Najua tangu Ebola hamutaki kusikia mutu anagusa maiti na kisu. Ni mimi mwenyewe ninaruhusu. Balete microscope hapa mu salon, na kila mutu wa famille ainame aangalie, kuanzia benye balisema zaidi. Juu sasa hivi nitakunywa mukononi mwa Sophie, pengine nitakufa leo, na midomo yenu ninaijua, mutasema tena ni sumu. Hii mara kijani ijibu mbele yenu.

Nipumzike kidogo.

Solange, usilie, shika mukono yangu. Mungu abalinde... abape pumzi ndefu. Mukae pamoja sawa zile nyuzi, mais juu ya kujenga. Mwenye nilimukosea anisamehe. Ninabariki batoto, na batoto ya batoto.

Sophie. Shemeji, ingia. Umezeeka, sawa mimi. Ile kasiksi nilikuomba... umeileta? Mumupishe apite.

Leta karibu. Wote baone.

Hapana, Sophie. Hapana kuonja. Nipe tu.