Dokta Driwaru, Aliyekwenda Midia Kusema Nimekosea

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Arua mjini, Koboko, hadi kule Oraba kwenye foleni ya malori, sogeeni karibu na redio. Leo muziki utakuwa kidogo. Leo tunamkumbuka Dokta Viktoria Driwaru, daktari wa magonjwa ya tumbo na ini, aliyetutoka Jumatatu iliyopita akiwa na miaka arobaini na tisa. Presha ilimpanda ghafla, akaanguka kazini. Dokta Driwaru. Mzaliwa wa Arua, mtumishi wa Koboko kwa miaka kumi na saba.

Wengi mnamjua kwa ile kamera yake yenye mkia mrefu, ile ambayo mgonjwa anaimeza ili tumbo lionekane kwenye skrini. Wengine mnamjua kwa ukali. Ukimwambia umeacha dawa katikati kwa sababu umepata nafuu, utajuta kwa nini ulifungua mdomo. Mimi yalinikuta. Lakini kuna jambo ambalo wengi hamlijui. Dokta Driwaru aliwahi kukosea. Alikosea vibaya, na aliyebeba adhabu ni mtu mwingine.

Turudi nyuma miaka kumi na miwili. Lomoro, mkulima wa Midia, alikunywa kwete, ile pombe yetu ya nafaka, nyumbani kwa Kiden. Huyu Kiden alikuwa mjane wa kaka yake. Kabla jua halijazama Lomoro akaanza kutapika damu, beseni zima. Wakampakia kwenye bodaboda, mmoja mbele, mmoja nyuma, hadi hospitali. Dokta Driwaru akampokea. Akampapasa tumbo, akakuta bandama imevimba, akaona ni malaria ya miaka mingi. Akatafuta damu ya kumwongezea, hakuna. Kesho yake mchana Lomoro akafariki.

Sasa, sote hapa tunajua watu husema nini mtu akitapika damu baada ya kunywa kwa mwenzake. Ndugu walimwuliza daktari: ni sumu? Naye, hana kipimo, amechoka, akaandika kwenye daftari la mgonjwa, lile daftari la shule tunalokwenda nalo hospitali sote: huenda amekula sumu. Maneno matatu tu.

Daftari lilizunguka Midia nyumba kwa nyumba. Daktari mwenyewe kasema! Kiden akachomewa nyumba. Akafukuzwa yeye pamoja na watoto wake wawili, akavuka mpaka kwenda Kaya, nchi jirani. Dokta Driwaru alipata habari baada ya mwezi mzima. Alisikitika, lakini naye aliamini kwamba Kiden ameua. Sitawaficha, aliamini.

Miaka sita ikapita. Dokta akajiandikisha kwenye masomo ya mtandaoni ya madaktari wanaotaka kubobea katika magonjwa ya tumbo. Walimu wako mbali, wanafunzi wametapakaa nchi nyingi, darasa ni kila Jumatano saa nane mchana. Shida ilikuwa intaneti. Ya hospitali ilikuwa inakatika kila dakika. Basi akahamia saluni ya wifi yake Shakira, mke wa kaka yake, ng'ambo ya barabara. Pale kulikuwa na sola, na intaneti ya kuvutia wateja. Daktari mzima anakaa katikati ya wanawake wanaosukwa, tableti mapajani, anaandika.

"Wateja wangu walikuja kusuka, wakaondoka wanajua ini iko upande gani," Shakira aliniambia juzi, anacheka huku anafuta machozi. "Mmoja aliona picha ya utumbo, akaenda nyumbani na kichwa kimesukwa nusu."

Jumatano moja mwalimu akaonyesha picha ya njia ya chakula, mishipa imevimba ndani yake kama kamba. Akaeleza polepole. Mdudu wa kichocho huingia mwilini kupitia ngozi, ukiwa majini. Akikaa miaka, ini linakakamaa na damu inakosa pa kupita. Inatafuta njia ya pembeni, mishipa inavimba, halafu siku moja inapasuka. Mgonjwa anatapika damu. Bandama yake huwa kubwa. Muulize, akasema mwalimu, kama aliwahi kuishi kando ya mto.

Wasikilizaji wapendwa, Lomoro alivua samaki Rhino Camp, kwenye Nile, miaka minane kabla ya kurudi kulima Midia.

"Dokta alivua vitu vya masikio, vile vya kusikilizia somo," anasema Shakira. "Akaniambia, Shakira, mimi nilishika ile bandama na mukono yangu. Nilishika. Akalia pale pale, mbele ya wateja."

Masomo hakuyaacha. Alimaliza miaka miwili, akaenda Kampala kufundishwa kwa mikono, akarudi anajua kuifunga ile mishipa kabla haijapasuka. Wagonjwa zaidi ya mia mbili aliwafunga mishipa hiyo, na wengi wao wananisikia sasa hivi. Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ya wiki ile ile alipanda bodaboda kwenda Oraba kumtafuta Kiden.

Vita vya kule Kaya vilikuwa vimemrudisha Kiden upande huu. Alikuwa anawapikia madereva wa malori pale mpakani. Midia iko karibu, na hawezi kukanyaga. Alimtazama daktari, akamtambua mara moja. Akamwekea sahani ya maharage. "Kula kwanza," akasema.

Dokta Driwaru hakuweza kula. Alieleza yote: mdudu, ini, mishipa. Akaomba msamaha. Kiden alisikiliza hadi mwisho.

"Kuniambia mimi haisaidii, Dokta. Mimi nilijua siku zote kwamba sikutia kitu. Enda ambia wao."

Wenzake kazini walimsihi Dokta asiende Midia. Lomoro amekwisha kuzikwa, walisema. Ukikiri, ukoo utakugeukia wewe, na kibali chako cha udaktari kitakwenda. Mama yake kule Arua alipiga simu akilia. Dokta alikwenda. Aliogopa, Shakira anasema, lakini alikwenda.

Walikutana uani kwa Mzee Igga, mkubwa wa ukoo wa Lomoro. Dokta alionyesha picha kwenye tableti, ikapita mkono kwa mkono. Igga akauliza, "Kwa hiyo ni wewe ulitudanganya?"

"Sikuwadanganya, mzee. Niliandika kitu nisichokijua. Lomoro aliuawa na kichocho. Kiden hana hatia. Kama kuna hasira, iko hapa kwangu, si kwake."

Kijana mmoja akasema apelekwe polisi. Wengine wakaitikia. Igga akainua mkono wanyamaze. Kisha akatuma watu wamlete Kiden, aliyekuja na Dokta lakini akabaki barabarani, nje ya ua. Akaomba kwete iletwe, Kiden ndiye agawe.

Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza yeye, ili uone ni salama. Kiden akachota, akainua kibuyu akionje. Igga akamshika mkono.

"Leo usionje," akasema. Akakichukua kibuyu, akanywa mpaka chini, mbele ya wote.

Kiden anaishi Midia leo, kwenye nyumba waliyomjengea wao.

Tunampa pole mama yake Dokta kule Arua, kaka yake, wifi yake Shakira, na wauguzi wote aliowagombeza wakawa hodari. Mungu awashike mkono.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Kama kuna mtu uliyemtaja kwa ubaya, na leo umejua si yeye, usimwendee kwa siri ukamwombe radhi jikoni. Yeye anajua hana kosa. Nenda kwa wale uliowaambia.